Malka Zilizofungwa

Basi likishavuka daraja la Sabaki na kuiacha Malindi nyuma, mazungumzo ndani yake hubadilika. Mjini abiria walikuwa wakibishana juu ya nauli, viti na mizigo. Huku nje, nyumba zinapopungua na vichaka kuanza, watu huanza kuizungumzia dunia. Mzee mmoja atasema, "Dunia imeharibika," na hakuna atakayembishia. Mama aliye nyuma yake ataongeza lake. Kijana hakuamkia. Binti aliambiwa akanyamaza. Mwana aliyesomeshwa kwa kuuza ng'ombe wa babake hapigi hata simu. Vijana wanashinda wakitafuna mafungu ya muguka, shavu limevimba, na shamba liko pale pale linaota magugu. Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na katika kilomita hizo abiria waliokaa pamoja huweza kuhesabu kila kilichopotea.

Nimeyasikia mazungumzo haya kila nilipopita njia hii na sijawahi kuyaona kuwa porojo. Wanaoyasema wanaumia. Lakini nikiwasikiliza huku natazama nje, naona kuna jambo wanaloliruka. Wao wanataja tabia za watu, na tabia hakika zimebadilika, lakini yanayopita dirishani yanasimulia habari ya mapatano. Jamii haianzi kuharibika siku kijana anapoacha kuamkia. Huanza pale watu waliokuwa na mapatano juu ya maji, ardhi na njia wanapoyaacha, au wanapolazimishwa kuyaacha, na mapya yasiwekwe. Salamu hufa baadaye, kwa kuwa hakuna tena kilichobaki cha kusalimiana juu yake.

Ushahidi wa kwanza hauko mbali. Ukishapita Mambrui, kuanzia Gongoni kuelekea Marereni, upande wa bahari kuna mabwawa ya chumvi yaliyopangwa safu kwa safu, na kando yake milima myeupe ya chumvi inayosubiri malori. Chumvi ya hapa inaliwa karibu kila nyumba ya Kenya. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara iliyoufanya Magarini juu ya viwanda hivi, na wenyeji walieleza mbele yake jinsi walivyoondolewa kwenye ardhi waliyozaliwa, visima vyao vilivyoingiwa na chumvi, mikoko iliyokatwa, na njia za kwendea pwani zilizofungwa. Abiria wengi hawageuzi shingo hapa. Milima ile ya chumvi imekuwa sehemu ya mandhari, na shida iliyokwisha kuwa mandhari haishtui mtu.

Baada ya hapo ni vichaka, mbuga na anga, kituo kimoja kimoja, mbuzi, mtoto aliyesimama na dumu la maji kando ya lami. Ni hapa ambapo basi huonekana kuwa nchi ndogo. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na ukweli wa neno hilo unauona mtu anapoishiwa maji saa nane ya mchana kati ya Marereni na Minjila. Hapo hujui jirani yako ni nani, ila unajua kwamba ana chupa. Desturi ya pwani ilikuwa wazi: anayefungua kibuyu au mfuko wa mahamri humkaribisha aliye kando yake kabla ya kuweka tonge kinywani. Anayekataa hukataa kwa adabu, na anayepokea hushukuru. Bado nawaona watu wakifanya hivyo, hasa akina mama. Lakini naona pia kusita ambako zamani hakukuwako. Mtu anatazama kwanza jirani yake amevaa nini, anaongea kwa lafudhi gani, ana mzigo gani miguuni. Ndipo anakaribisha, au anageukia dirishani na kula peke yake.

Kusita huko kuna historia, na si haki kumlaumu anayesita kabla ya kuijua. Katika miaka ya 1990 majambazi waliokuwa wakiitwa mashifta waliifanya njia ya Garsen na Lamu kuwa njia ya kuviziana. Mabasi yalikwenda kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiwa ndani, na mama mwenye mtoto akijua kwamba askari aliyeketi mlangoni ndiye wa kwanza atakayepigwa risasi. Ikaja amani ya miaka kadhaa. Kisha tarehe 15 Juni 2014 likaja shambulizi la Mpeketoni, Lamu, ambako waliouawa katika mji na vijiji vya jirani walipita 60, na wiki chache baadaye Hindi na kituo cha polisi cha Gamba vikashambuliwa. Safari za usiku zikapigwa marufuku na misafara ikarudi. Mwezi Januari 2020, Nyongoro, basi lililokuwa likienda Lamu lilishambuliwa tena na abiria wakauawa. Anayepanda basi leo kwenda Mokowe, gati la Lamu, anazibeba tarehe hizi kifuani hata kama hazitaji.

Kwenye vizuizi vya barabarani abiria hushuka, hupanga foleni, huonyesha vitambulisho. Jambo hili lina sababu yake na sijasikia abiria wakilipinga. Kinachoumiza ni namna foleni inavyogawanyika yenyewe. Wako wanaoonyesha kadi na kupita, na wako wanaoulizwa mara ya pili: babako nani, kwenu wapi, unakwenda kwa nani. Mara nyingi anayeulizwa ni kijana wa Kiorma, wa Kiwardei, wa Kibajuni au Msomali, na wote waliokwisha kupita husimama kivulini wakimtazama. Hakuna anayesema, "Huyu tumetoka naye Malindi." Kimya hicho cha abiria, kwangu mimi, ni dalili kubwa kuliko muguka.

Nasema hivyo kwa sababu Wakenya wanajua kwamba abiria wanaweza kufanya jambo jingine. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria waliamriwa kujitenga, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao wa kike mitandio wajifunike, na watu wakasema wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi na akafa mwezi uliofuata. Mwaka mmoja kabla, kwenye njia za Mandera hiyohiyo, watu 28 walikuwa wameshushwa kwenye basi na kuuawa baada ya kutengwa kwa dini. Abiria wa 2015 walilijua hilo walipokataa. Hakuna kamati iliyowafundisha na hakuna mwanasiasa aliyekuwapo. Katika dakika chache kando ya barabara walikumbuka kwamba kupanda basi moja ni mapatano.

Minjila ndiko njia inakogawanyika. Moja inakwenda Garsen, Hola na Garissa, nyingine inavuka Tana pale Idsowe kuelekea Gamba, Witu na Lamu. Kabla ya madaraja, magari yalivuka pale Garsen kwa kivuko, na mto ulipojaa safari ilisimama, mwenye haraka na asiye na haraka wakalala ukingo mmoja. Leo lami imefika mpaka Mokowe na dereva hupita bila kuutazama mto. Ni nafuu kubwa kwa mgonjwa na kwa mwenye samaki wa kuuza. Lakini Garsen si mji wa kupita tu. Anayetaka kujua habari ya jamii hii na ashuke, akae sokoni asubuhi moja.

Hapo atawaona wanawake wa Kiorma na madumu ya maziwa, na wanawake wa Kipokomo na maembe, ndizi, mahindi na mchele wao. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe waliolala mbali na mto, na maembe kwa miti iliyopandwa na babu ukingoni mwa mto. Hawa wanawake wanajuana kwa majina ya watoto wao. Wanakopeshana. Anayekuja na maziwa anarudi na unga, na anayekuja na ndizi anarudi na maziwa ya watoto. Sokoni pale ndipo palipo na katiba ya zamani ya Tana, nayo haijaandikwa popote.

Katiba hiyo ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni malka. Malka ni njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni kunywa maji. Mpokomo analima ukingoni, kwa kuwa mto ukifurika na kurudi huacha udongo mweusi wenye unyevu, na humo hupandwa mpunga, mahindi na migomba. Mworma anafuga nyikani, kwa kuwa mvua zikinyesha nyika ina majani na vidimbwi. Kiangazi kikikaza, kuanzia Januari, nyika inakauka na ng'ombe lazima waje deltani. Mkulima naye kwa wakati huo amevuna, na mabua yaliyobaki shambani ni chakula cha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ni mbolea ya msimu ujao. Mvua zikirudi, ng'ombe wanaondoka na jembe linaingia. Wazee wa Gasa upande wa Wapokomo, na Matadheda upande wa Waorma, walijua malka ipi ni ya nani, inafunguliwa lini, na ng'ombe akikanyaga mpunga wa mtu mwenye ng'ombe atatoa nini. Ugomvi ulikuwako kila mwaka. Uliishia barazani.

Kisha ardhi ya delta ikaanza kutakiwa na watu wasiokuwa na shamba wala ng'ombe hapo. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi iliyoundwa 1974, ilipewa eneo kubwa la delta kwa mradi wa mpunga. Kingo na mifereji ikajengwa kwa fedha za mkopo wa Japani, na mvua za El Niño za 1997 zikaibomoa. Mradi ukaanguka, lakini ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakiilima na kuilisha. Miaka ya 2000 ilileta mipango ya miwa na ya mimea ya mafuta, kila mmoja ukihesabu hekta kwa maelfu kana kwamba delta ni tupu. Wakati huohuo ikaja habari ya kupima mashamba na kutoa hati. Hati ni kitu kizuri kwa mkulima. Lakini hati ya shamba linaloanzia ukingoni na kuendelea bila kukatika huziba malka, na ng'ombe mwenye kiu hasomi hati. Mfugaji aliisikia habari ya hati kama habari ya kufungiwa mto. Mkulima akayasikia malalamiko ya mfugaji kama tishio la kunyang'anywa ardhi. Wote wawili walikuwa na sababu ya kuogopa, na aliyeleta hofu hiyo hakuwa yeyote kati yao.

Mwaka 2001 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2012, uchaguzi ukikaribia na siasa za kaunti mpya zikichochea, mauaji yakaja tena. Tarehe 22 Agosti, alfajiri, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Tarehe 10 Septemba, Kilelengwani, waliuawa 38, wakiwemo polisi tisa, na nyumba zikachomwa. Serikali ikatangaza kafyu na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Desemba, kafyu ikiwa bado inakumbukwa, zamu ikawa ya Kipao. Nayaandika majina ya vijiji hivi kwa sababu nimegundua kwamba abiria wa leo, hata wenye umri wa kukumbuka, huyapita wakiwa wamelala. Basi halipiti ndani ya Riketa. Barabara kuu iko mbali kidogo, na umbali huo mdogo umetosha kuyafanya mauaji yale yaonekane ya watu wengine.

Watu waliofanya yale hawakuwa wageni kwa wenzao. Hapa ndipo neno "dunia imeharibika" lina uzito wake wote, na hapa ndipo ningependa mzee wa basini aliseme. Mtu aliyekuwa akinunua maziwa kwa jirani alimchomea jirani nyumba. Siwezi kulieleza jambo hilo kwa ardhi na maji peke yake, na sitaki kumwondolea dhambi aliyeshika panga. Kuna kiwango cha ukatili ambacho mtu hujibu kwa nafsi yake mbele ya Mungu. Lakini ninachokiona ni kwamba ukatili ule haukuwa na mahali pa kuingilia mapatano ya malka yalipokuwa hai. Mwenye kuuliza vijana hawa walilelewaje ana haki ya kuuliza. Namwomba aulize pia nani aliyeziba njia ya mto.

Swali hilo linatupandisha juu, kwa kuwa Tana ina urefu wa takriban kilomita 1,000 na Garsen iko mwishoni. Juu kule kuna mabwawa matano yanayofuatana: Kindaruma la 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981, na Kiambere la 1988. Kwa miaka mingi hayo ndiyo yaliyoiwashia Kenya sehemu kubwa ya taa zake. Nairobi ilisoma, ikashona, ikafanya biashara kwa nguvu ya Tana, na delta ikaendelea kuwasha vibatari. Umeme wa gridi ulifika Garsen miaka mingi baadaye. Mabwawa pia yaliupa mto tabia mpya. Mafuriko madogo ya kila msimu, yale yaliyoleta udongo mweusi na ambayo mkulima aliyahesabu kama kalenda, yamepungua. Mafuriko makubwa hayakupungua. Mabwawa yakijaa na kumwaga, maji huja yote kwa pamoja. Ilikuwa hivyo Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto ulipovunja barabara pale Gamba na kuitenga Lamu, na wanakijiji wa delta wakahamia vilimani na magodoro vichwani. Mkulima wa Idsowe hupata habari ya maji yanayokuja kwa tangazo la redio au kwa simu, ikiwa simu ina chaji.

Muguka nayo inatoka juu huko huko. Hulimwa Mbeere, katika Kaunti ya Embu, ng'ambo tu ya mabwawa ya Masinga na Kiambere, na kwa watu wa Mbeere ni karo ya shule na paa la bati. Huteremka kwa magari yaendayo mbio kuliko ambulensi. Mwezi Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliipiga marufuku, na siku chache baadaye marufuku hiyo ikasimamishwa mahakamani baada ya wakulima kulalamika na serikali kuu kusema zao hilo linatambuliwa na sheria. Akina mama wa pwani waliolia kwenye televisheni hawakuwa wakicheza. Nimewaona vijana walioharibika, macho hayana mtu ndani yake. Ninachosema ni hiki: kijana wa Garsen ambaye babu yake alikuwa na shamba la mafuriko au na ng'ombe wenye malka, naye hana kimoja wala kingine, ana siku nzima mkononi na hana pa kuipeleka. Muguka imeikuta siku hiyo ikiwa tupu. Ukiiondoa muguka leo, kesho siku itakuwa bado tupu.

Mwenye kupinda kushoto Minjila na kuendelea Hola ataona mafundisho ya aina yake. Hola ni mahali ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa kwa kugoma kufanya kazi, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa kwa kunywa maji. Uongo wa kwanza wa Hola ulisingizia maji. Mbele yake iko Bura, ambako kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 Benki ya Dunia na serikali ziliwaleta wakulima kutoka pembe nyingi za Kenya kulima pamba ya kumwagiliwa. Mipango ilikuwa mikubwa kuliko pampu. Miaka kumi haikuisha vizuri kabla mitambo haijaanza kuzimika na familia kukaa katika nyumba za mradi bila maji ya mradi. Kilichostawi ni mathenge, mti wa miiba ulioletwa ili uwe kuni na uzuie mchanga. Sasa umejaza kingo za mto na mitaro, umefunga malisho, na umeziba malka nyingi kuliko hati zozote. Mbuzi anayekula maganda yake mno huoza meno. Mfugaji akiukata leo, unamrudia kesho kwa visiki vitatu. Hata watu wakipatana upya, kwanza itabidi waikate hiyo miiba.

Wako wasomaji watakaosema kwamba naweka mbele maji na ardhi ili nisitaje dini na malezi. Wazee wa basini nao husema: watu wamemsahau Mungu, ndiyo maana. Naliheshimu neno hilo. Witu, Kipini, Ngao na Golbanti ni ardhi ya misikiti ya kale na ya makanisa ya misheni ya karne ya 19, na hapa mtu hajifunzi utu kutoka hewani. Lakini Qurani na Biblia zote zinazungumzia kisima, haki ya mpita njia na mpaka wa jirani usiosogezwa, na hazikuyaona mambo hayo kuwa madogo mbele ya sala. Aliyemfundisha mtoto kuamkia alimfundisha pia asimnyime mnyama maji. Tumelishika fundisho la kwanza na kulilalamikia. La pili tumeliachia maofisa wa ardhi.

Na liko jambo moja ambalo kila Mkenya hulifanya bila kujua kwamba analifanya juu ya mto huu. Mwaka 1963 tume ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Wakaichukua sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, na mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, ndiye aliyeuleta. Kila asubuhi ya Jumatatu na Ijumaa watoto wa shule kutoka Busia hadi Mandera husimama wima na kuimba sauti ya mama wa Tana. Taifa zima limenyamazishwa machozi kwa wimbo wa watu hawa. Mimi nikiusikia Garsen, shuleni, bendera ikipanda na watoto wa Kipokomo, Kiorma, Kiwardei, Kigiriama na Kiluo wakiimba mstari mmoja, nasikia deni ambalo Kenya haijalilipa.

Malipo yake yanajulikana na si makubwa. Mwezi Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, wakulima na wafugaji pamoja, akaagiza kuwe na mpango wa matumizi ya ardhi ambao wenyeji wenyewe wanashirikishwa. Angalia tarehe hiyo. Walalamikaji walikuwa wa jamii zilizokuwa zikiuana wakati ule ule, na bado mbele ya jaji walikuwa upande mmoja. Mwaka 2015 mpango wa delta ukazinduliwa, ukiwa na maeneo ya kulima, ya kulisha na ya kuhifadhi, baada ya mikutano ya vijiji. Delta tayari ilikuwa imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayowaruhusu watu kusajili ardhi yao kwa pamoja, malka na malisho yakiwemo. Yote haya yako kwenye karatasi. Ardhini, mwenye ng'ombe bado anauliza apite wapi.

Basi ombi langu ni kwa watu watatu. Kwa Serikali ya Kaunti ya Tana River na bunge lake: tengeni fedha katika bajeti moja tu, mtembee na wazee wa Gasa na Matadheda kutoka malka hadi malka, muing'oe mathenge, mpande mawe ya mipaka, na muisajili kila malka kwa jina la jamii zinazoitumia, kabla ya kiangazi cha Januari na kabla ya kampeni za 2027 hazijafika vijijini. Kwa wanaoendesha mabwawa huko juu: delta ipewe habari ya maji kwa siku za kutosha mtu kuhamisha watoto na mpunga, na mkulima apewe tena gharika ndogo ya msimu kwa kipimo kinachokubaliwa naye. Na kwako wewe msomaji utakayepanda basi hili: kijana wa jirani yako akiulizwa mara ya pili kwenye kizuizi cha Minjila, toka kivulini, simama naye, useme mmetoka pamoja.